Mafuta ya breki: yabadilishwe kwa kalenda, yapimwe kwanza, au yaongezwe tu?

Wenye magari wa Bukavu wamegawanyika makundi matatu linapokuja suala la mafuta ya breki. Kundi la kwanza hubadilisha kwa kalenda: miaka miwili ikitimia, mafuta yote yanatolewa na mapya yanaingia, hata kama gari halijalalamika. La pili hupima kwanza. Kipimo kikisema yamechoka, ndipo yanatolewa. La tatu, ambalo ndilo kubwa na sidhani kuna atakayebisha, huongeza tu. Mafuta kwenye kikombe chake chini ya boneti yakishuka chini ya alama, fundi anamimina kidogo, kifuniko kinafungwa, safari inaendelea.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji asihangaike kunivizia: kwa mji wa milima na mvua kama wetu, nachagua kalenda. Lakini wale wa kundi la tatu si wajinga, na yapo magari ambayo ukiyabadilishia mafuta kwa pupa unaweza kuyaharibu. Kwa hiyo tuziweke njia zote tatu mezani.

Mafuta yanazeeka hata gari likiwa limelala

Ukikanyaga pedali, unachosukuma ni mafuta. Pampu kuu ya breki inayabana ndani ya mabomba membamba, na kwa kuwa kimiminika kikibanwa hakipungui, nguvu inafika yote kwenye gurudumu: pistoni inatoka, plaketi (vile vipande vya breki vinavyochakaa) zinakamata diski. Mfumo mzima, kwa magari madogo mengi, unabeba lita moja au pungufu.

Mafuta hayo hayafanani na yale ya injini. Yametengenezwa kwa glikoli, na glikoli inapenda maji. Unyevu wa hewani unapenya polepole kupitia mabomba ya mpira yanayokwenda magurudumuni, kupitia nafasi ya kupumulia ya kifuniko, na kila mara kikombe kinapofunguliwa. Kilomita hazina usemi mkubwa hapa. Gari lililofungiwa uani Muhumba mwaka mzima kwa sababu mwenyewe yuko Kinshasa linavuta unyevu kama taksi inayozunguka Nyawera kutwa. Ndiyo sababu viwanda vingi vya magari, vinapopanga muda wa kubadilisha, huhesabu miaka.

Maji yakishaingia yanaleta hasara mbili. Moja ni kutu, ambayo huja taratibu na hula pesa. Nyingine ni kuchemka, ambako huja ghafla.

Diski na plaketi zikipata joto kali, joto hilo linahamia kwenye pistoni, na pistoni inalipeleka kwenye mafuta yaliyo nyuma yake. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga, pedali inazama mpaka sakafuni, gari linaendelea kushuka. Usichanganye hali hiyo na plaketi zilizozidiwa na joto. Zile zikichoka, pedali inabaki juu na ngumu. Unakanyaga kwa nguvu zote lakini gari halishiki. Pedali ngumu isiyosimamisha gari inakuelekeza kwenye plaketi na diski. Pedali inayozama inakuelekeza kwenye mafuta, au hewa iliyoingia, au mahali panapovuja.

Jambo linalowakosesha watu haki yao ni kwamba joto likishuka, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inapanda tena. Gari likifikishwa garaji, fundi anakanyaga, anaona breki zinakamata vizuri, anamtazama dereva kwa jicho la mashaka. Hakuna kilichovuja wala kilichovunjika. Ushahidi umeshapoa.

Viwango vya kuchemka vimewekwa na sheria ya Marekani inayoitwa FMVSS 116, na ndivyo vinavyofuatwa karibu dunia nzima. Jina DOT na namba yake, linaloandikwa kwenye chupa, ndilo linalotaja aina ya mafuta. Mafuta yanahesabiwa kuwa na maji yakifika kama asilimia 3.7 ya ujazo:

| Aina | Yakiwa mapya, angalau | Yakiwa na maji, angalau |
|---|---|---|
| DOT 3 | 205°C | 140°C |
| DOT 4 | 230°C | 155°C |
| DOT 5.1 | 260°C | 180°C |

Chupa nzuri huzidi namba hizo. Lakini angalia DOT 3, ambayo ndiyo imejaa kwenye magari yetu ya Japani: maji kidogo tu, na digrii 65 zimekwenda. Yanabaki mafuta yanayoweza kuchemka kwenye joto ambalo mteremko mrefu unaweza kulifikia.

Mteremko unavyobadilisha hesabu

Ziwa Kivu, ambalo Bukavu iko kando yake, liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika, ambalo Uvira iko kando yake, liko kama mita 770. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira, awe amepita Nyangezi na milima ya Ngomo au amezungukia Rwanda hadi Bugarama na kutokea Kamanyola, lazima ashuke tofauti hiyo, na sehemu kubwa ya kushuka iko mahali pamoja.

Tuhesabu. Gari lenye watu na mizigo, kilo 1,500 jumla, likishuka mita 500 tu, linaachia nguvu kama megajuli 7.4. Nguvu hiyo ingetosha kuchukua bidoni nzima ya lita 20 ya maji ya baridi na kuichemsha, na ingebaki. Lazima iende mahali. Ukishuka kwa gia ndogo, injini inachukua sehemu kubwa. Ukiwa kwenye gia kubwa, au umetoa gia kabisa ukaliacha gari liteleze ili kuokoa mafuta ya tangi, kinachobaki ni upepo kidogo na vyuma vinne vya breki. Na wale wanaozima injini kabisa katika mteremko (tunawajua, wengine tumepanda nao) wanaongeza kosa juu ya kosa: kisaidizi cha breki kinategemea injini inayozunguka, na ikizimwa kinabakiwa na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu tu. Baada ya hapo pedali inakuwa jiwe.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Gari likiwa linatembea, upepo unapooza diski. Dereva akifika chini, akasimama kununua ndizi, upepo unakatika lakini joto bado liko ndani ya chuma na linaendelea kuingia kwenye kalipa, kile chuma kinachobeba pistoni na plaketi. Mafuta yaliyovumilia mteremko wote yanaweza kuchemka gari likiwa limesimama. Anapoondoka, mguu unakuta pedali laini.

Mwinuko wetu nao hautusaidii. Maji Bukavu yanachemka kwenye digrii 95 hivi kwa sababu hewa huku juu ni nyepesi, na mafuta ya breki nayo yanashuka kidogo vilevile. Ni kidogo kweli, nisilikuze.

Sasa mchukue dereva wa Lubumbashi. Kule ni uwanda, barabara zimenyooka, na kiangazi ni kirefu na kikavu. Akikwambia ameendesha miaka kumi bila kugusa mafuta ya breki na hajawahi kupata shida, mwamini. Inawezekana kabisa mafuta yake hayajawahi hata kukaribia joto la kuchemka. Tatizo linakuja pale uzoefu wake unaposafirishwa hadi Bukavu kama sheria. Anayeshuka kila siku kutoka Kadutu, au anayepanda na kushuka Bagira na gari lililojaa, anatumia breki kwa namna nyingine. Na hata Lubumbashi kutu haiulizi kama kuna mlima.

Kuongeza tu: hoja yake na udhaifu wake

Hoja ya kwanza ya kundi la tatu ni pesa, na pesa si hoja ndogo. Mwenye taksi anayehesabu kila litre ya esansi hatafungua breki ambazo leo asubuhi zimekamata. Hoja ya pili ni uzoefu: magari mengi kweli yanatembea hivyo miaka na miaka. Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, na mara nyingi haisemwi wazi: wanaogopa mkono wa fundi. Breki ambayo haijafunguliwa angalau inajulikana ilivyo. Iliyofunguliwa vibaya inarudi na hewa ndani. Hoja hiyo naipa heshima yake, na nitairudia.

Udhaifu uko hapa. Mafuta ya injini yanazunguka. Ukiongeza mapya yanachanganyika na ya zamani. Mafuta ya breki hayazunguki. Yanasogea kidogo mbele ukikanyaga, yanarudi nyuma ukiachia. Unachomimina kikombeni kinabaki kikombeni na jirani yake. Yale yaliyo ndani ya kalipa, yanayogusana na pistoni yenye moto, ni yaleyale ya zamani. Mazungumzo haya utayasikia garaji yoyote ya mjini:

"Papa, hii mafuta haiko na shida. Niongeze kidogo tu, utaenda."

"Na ile ya kule chini kwa magurudumu, iko na miaka ngapi?"

"Ile ni ya tangu Japani, papa. Iko tu mule."

Fundi huyo kijana hakudanganya hata neno moja. Ndiyo picha kamili ya njia ya tatu: juu mapya, chini ya tangu Japani.

Kuna na hili. Kiwango cha kikombe kushuka polepole ni kawaida, kwa sababu plaketi zikiisha, pistoni zinatoka zaidi na mafuta yanajaza nafasi nyuma yake. Kwa hiyo kikombe kinachoshuka kinakuambia kitu: plaketi zimekonda, au kuna mahali panapovuja. Anayeongeza bila kutazama magurudumu ananyamazisha taarifa hiyo. Siku plaketi mpya zikifungwa na pistoni zikisukumwa ndani, mafuta ya ziada yanafurika juu ya kikombe, na mafuta ya breki yanakula rangi ya gari. Yakimwagika, maji mengi hapohapo. Kufuta kwa kitambaa kikavu ni kuyapaka tu.

Halafu kuna kinachoongezwa. Mafuta ya injini, ya giaboksi au ya usukani hayaingii kwenye breki hata tone. Raba za ndani zimetengenezwa kuishi na glikoli. Zikikutana na mafuta ya aina hiyo zinavimba, breki zinashikana na haziachii, na hapo dawa si kusafisha. Ni kubadilisha kila raba iliyoguswa, kuanzia pampu kuu hadi magurudumu. Wanaotia maji ya sabuni ili wafike nyumbani wanapeleka kutu na mvuke mahali pabaya kuliko pote. Kama mafuta yameisha njiani na huna chupa, gari livutwe.

Kupima: kizuri, ukijua kinachopimwa

Njia ya kati inavutia watu makini. Kwa nini utupe mafuta ambayo bado ni mazima? Swali zuri. Jibu linategemea kipimo.

Rangi kwanza, kwa sababu ndicho kipimo cha bure na ndicho kinachotumika zaidi. Mafuta mapya ni meupe ya maji au manjano hafifu. Yakiwa kahawia au meusi yana umri, joto na unga wa raba, na binafsi nikiyaona hivyo sihitaji kipimo kingine. Lakini kinyume chake si kweli. Maji hayana rangi. Mafuta yanaweza kung'aa kikombeni, hasa yakiwa yameongezwa juzi, huku yaliyo chini yamelowa.

Kipimo cha pili ni kalamu yenye taa ndogo za kijani, manjano na nyekundu. Unaichovya kikombeni, inasoma jinsi mafuta yanavyopitisha umeme na kukisia kiasi cha maji. Ni ya bei nafuu na inaagizwa kirahisi. Shida ni kwamba mafuta ya chapa tofauti hupitisha umeme kwa viwango tofauti hata yakiwa makavu, kwa hiyo taa ya kijani inaweza kukosea. Kalamu ikiwaka nyekundu, badilisha. Ikiwaka kijani, usiichukulie kama hukumu ya kuachiwa huru, maana umepima kikombe, na kikombe ndicho mahali penye nafuu kuliko sehemu nyingine ya mfumo.

Cha tatu ni mashine inayochemsha sampuli na kusoma digrii halisi. Hicho ndicho kipimo cha kweli, kwa kuwa kinajibu swali lenyewe: haya yanachemka kwenye digrii ngapi? Garaji ikiwa nacho, na ikikubali kuchukua sampuli kutoka kwenye kalipa, njia ya pili inakuwa njia nzuri kabisa. Zipo pia karatasi za kuchovya zinazobadilika rangi kulingana na shaba iliyoyeyuka ndani ya mafuta. Shaba ikionekana, maana yake dawa ya kuzuia kutu iliyokuwemo imekwisha kazi.

Kwangu mimi njia hii inaanguka kwa sababu ndogo ya kibiashara: kuchukua sampuli kwenye kalipa kunahitaji kuvua gurudumu na kufungua skrubu ya kutolea hewa. Ukishafika hapo, umeshafanya sehemu kubwa ya kazi ya kubadilisha.

Kalenda: nani anaifuata, na inagharimu nini

Viwanda havisemi kitu kimoja, na tofauti hiyo ndiyo inayowapa wabishi nguvu. Honda huandika miaka mitatu bila kujali kilomita. BMW husema miaka miwili. Volkswagen pia hutumia miaka miwili, baada ya kipindi cha kwanza cha mitatu gari likiwa jipya. Vipo vitabu vya magari ya Marekani ambavyo kwa muda mrefu viliagiza kukagua tu. Mtu akikwambia "kitabu changu hakisemi kitu", huenda ni kweli.

Ila tutazame magari yanayoingia kwetu. Mengi ni ya Japani, usukani kulia, yamepitia Dar es Salaam au Mombasa. Kule Japani gari jipya linafanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na garaji za kule zina desturi ya kubadilisha mafuta ya breki wakati huohuo. Yaani RAV4 au Noah yako ilizoea kalenda. Desturi ilikatika meli ilipong'oa nanga. Ukitaka kujua ilikatika lini, fungua mlango wa dereva au boneti na utafute stika za garaji. Mwaka utakuwa umeandikwa kwa namba ndogo: ikiwa ni ya enzi ya Reiwa, jumlisha 2018, hivyo 3 ni 2021, ikiwa ni ya Heisei, jumlisha 1988, hivyo 28 ni 2016. Hakuna stika? Hesabu kwamba mafuta ni ya zamani.

Gharama ya njia hii ni chupa za kufikia lita moja na muda wa fundi, mara moja katika miaka miwili. Weka upande wa pili wa mizani: kalipa iliyoshikwa na kutu inayokula plaketi upande mmoja, silinda za gurudumu za nyuma zinazovuja kwenye tamburu (ngoma ya breki), pampu kuu iliyochubuka. Na juu ya yote, kitengo cha ABS, kinachozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu. Ndani yake mna vali ndogo sana zinazokaa bila kazi siku nyingi, zikisubiri ile siku moja utakapokanyaga kwa hofu barabara ikiwa imelowa. Kutu ikizikamata, unaanza kuulizia kitengo kilichotumika, hujui kimetoka gari gani, na bado kinahitaji kompyuta kutolewa hewa. Hapo bei ya lita moja ya mafuta inaonekana kama mchezo.

Hasara ya kalenda ni kwamba mara nyingine unatupa mafuta ambayo yangefika mwaka mwingine. Nakubali hasara hiyo. Ila tafadhali usiyatupe mferejini. Bukavu kila mfereji una mwisho wake ziwani au mto Ruzizi.

Gari ambalo halijafunguliwa miaka kumi

Hapa ndipo narudi kwenye hofu ya kundi la tatu, kwa sababu ina msingi.

Skrubu ya kutolea hewa iliyokaa miaka mingi inashikana na kutu. Fundi mwenye haraka anaweka ufunguo, anavuta, skrubu inakatika ndani ya kalipa. Ulikuja kwa ajili ya mafuta, unaondoka unatafuta kalipa. Hatari ya pili imejificha zaidi. Katika matumizi ya kila siku pistoni ya pampu kuu inatembea sehemu fupi tu ya silinda yake, na sehemu isiyoguswa inaota uchafu na kutu. Wakati wa kutoa hewa, msaidizi anakanyaga pedali mpaka sakafuni mara nyingi, raba laini zinapita juu ya kutu ile na kuchanika. Siku mbili baadaye pedali inaanza kuzama taratibu ukiwa umesimama umeikanyaga, na lawama inaangukia mafuta mapya.

Dawa haizidi uwezo wa garaji ya kawaida. Skrubu zipakwe mafuta ya kulainisha kutu jana yake. Utumike ufunguo wa kushika pande zote sita. Chini ya pedali liwekwe gogo la ubao ili isifike sakafuni. Fundi akikucheka kwa hilo gogo, tafuta mwingine. Akikuambia mwenyewe kabla hujasema, umempata.

Na kama raba za pampu au kalipa zimeshachoka, usibadilishe mafuta leo kisha ufungue tena mwezi ujao. Subiri vipuri, ufanye yote kwa pamoja. Hilo ndilo tukio ambalo kuongeza tu, kwa wiki chache na kwa mwendo wa pole ndani ya mji, kuna maana.

Kwa hiyo, nani achague nini

Unayekwenda Uvira au unayepakia Hiace kila siku: kalenda, miaka miwili, bila mjadala, na gia ndogo kwenye mteremko. Mwenye gari la automatiki naye ana gia ya kushukia. Ile 2 au L kwenye mkono haikuwekwa kwa mapambo. Gari la ofisi lenye dereva makini na garaji yenye mashine ya kuchemsha: kupima kila mwaka kunatosha, kwa sharti kwamba siku kipimo kikikataa, pesa ipo. Taksi ya mjini ambayo plaketi zake zimefika kwenye chuma: pesa ya kwanza iende kwenye plaketi; mafuta yatafuata, kwa sababu mafuta mapya hayasimamishi gari lisilo na plaketi. Gari lililonunuliwa juzi: badilisha mara moja, ndipo uanze kuhesabu. Gari la kulala uani: kalenda pia, ingawa najua wenye magari hayo ndio wabishi kuliko wote.

Mwenye haibridi, Prius na jamaa zake, asikubali kazi ifanywe kwa njia ya kukanyaga na kuachia kama kwa Corolla ya zamani. Breki zake zinaendeshwa na pampu ya umeme na kompyuta, na kutoa hewa kunahitaji kifaa cha kuzungumza na gari. Garaji isiyo nacho isiguse.

DOT ipi

Soma kifuniko cha kikombe. Kwenye magari ya Japani utakuta DOT 3, au BF-3, ambayo ni jina la kipimo cha Kijapani kinacholingana nayo. BF-4 inalingana na DOT 4. DOT 4 inaruhusiwa mahali pa DOT 3, zinachanganyika, na kwa anayeshuka milima ndiyo ninayopendekeza: digrii 15 za ziada hata yakiwa yamelowa. Usirudi nyuma kutoka 4 kwenda 3. DOT 5.1 nayo ni glikoli na inaelewana na hizo mbili, ila bei yake kwa gari la kawaida naona ni ya bure.

DOT 5, isiyo na nukta moja, ni kitu kingine kabisa. Ni silikoni, ina rangi ya zambarau, haichanganyiki na hizi nyingine na haifai kwenye magari yenye ABS. Majina yamekaribiana kwa namna ya kuudhi. Mwenye duka anaweza kukupa kwa nia njema. Soma mwenyewe. Na kama unamiliki Citroën ya zamani yenye mfumo wa mafuta ya kijani, LHM, lolote lililosemwa hapa kuhusu DOT halikuhusu.

Siku ya kazi

Nenda na chupa yako, iliyofungwa na sili ya ndani ikiwa nzima. Chupa iliyofunguliwa na kukaa rafuni msimu mzima wa mvua imeshakunywa unyevu wake. Usiipokee hata ikiwa imejaa robo tatu. Fundi anyonye mafuta ya zamani kikombeni kwa sirinji, ajaze mapya, kisha aende gurudumu kwa gurudumu, kikombe kisiruhusiwe kukauka hata mara moja. Kwa kawaida huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu kuu. Kwa magari yetu ya usukani kulia pampu iko kulia, hivyo la mbali ni la nyuma kushoto. Mafundi waliozoea magari ya usukani kushoto huanza kulia kwa mazoea. Kitabu cha gari kikisema vingine, kitabu ndicho chenye neno la mwisho.

Simama hapo utazame bomba la plastiki kwenye kila gurudumu, si moja tu. Kwanza yatatoka meusi, kisha ya mchanganyiko, kisha safi bila mapovu. Garaji nyingi huishia kunyonya kikombe na kukijaza upya, kazi ya dakika tano, kisha hutoza bei ya kubadilisha yote. Ukitaka kuwa na uhakika, uliza mafuta yaliyotoka yako wapi. Kwa gari dogo lililofanyiwa kazi kamili, chupa ya uchafu itakaribia nusu lita au zaidi. Gari la gia za mkono lenye klachi ya mafuta, muombe apitie na klachi; mara nyingi inakunywa kutoka kikombe hichohicho.

Kabla hujalipa, washa injini, kanyaga na ushikilie pedali kwa nusu dakika. Ikishuka taratibu chini ya mguu, gari halijatoka garaji bado. Kisha andika tarehe kwa wino usiofutika kwenye kipande cha plasta, ukibandike karibu na kikombe, ili atakayefungua boneti mwaka kesho asijadiliane nawe kuhusu rangi.